Mama Hakuwa na Swali

Mimi nina mdomo. Nalisema mwenyewe kabla hujaambiwa na watu wa Nkwenda, ambako nashona nguo kwenye kibaraza cha duka. Mteja akileta kitambaa kisichotosha namwambia hakitoshi, na akibisha namwambia ni mwili wake ndio uliozidi. Baba alikuwa akicheka na kusema mdomo huu nimeutoa kwa shangazi zake, maana kwa mama usingetoka. Mama ni mtu wa kulipima neno mpaka neno lenyewe linachoka kungoja. Kisha ikaja kesi, jambo la kutaka mdomo kuliko mengine yote, na ikamwangukia yeye.

Kwetu ni Kanoni, wilaya ya Karagwe. Kibanja chetu hakikuwa kikubwa. Migomba ilianzia mlangoni, kahawa ikafuata, maharage chini yake kwa misimu, na mpakani ilisimama milamula, ile mimea ya majani marefu ambayo huku kwetu hupandwa kuonyesha kwamba kwa fulani pameishia na kwa mwenzake pameanza. Mlamula haupandwi kimyakimya. Watu huitwa, rubisi, pombe yetu ya ndizi, hunywewa, na mwenye ardhi hushika mche kwa mkono wake mwenyewe na kuutia shimoni wakati wengine wanatazama. Babu, mzazi wa baba, alitupandia ya kwetu siku alipompa baba sehemu yake. Mimi nilikuwa mgongoni kwa mama. Sikumbuki kitu, lakini nimeisikia habari hiyo tangu sijajua kuvaa viatu, na hakuna aliyewahi kuisimulia vingine.

Baba alipofariki tulimzika humo humo, nyuma ya nyumba, kama wanavyozikwa watu wa kwetu. Kando ya kaburi mama aliacha kipande cha ardhi. Hakupanda mgomba, hakupanda hata magimbi, na mtu akitaka kupitisha jembe alimzuia. Kila alipofagia uwanja alipafagia na pale. Nilipomuuliza kipande kile cha nini, alinitazama kama mtu anayeulizwa kitanda chake ni cha nani.

"Hapo ni pangu," akasema.

Hicho ndicho alichokitaka mama duniani tangu baba alipoondoka. Nyumba ingeanguka angelala chini ya mgomba. Pale kando ya baba ndipo alipopataka.

Sasa lazima nieleze jambo la wakwe, maana bila hilo mtu wa mbali atamwona mama mjinga, na mama si mjinga. Mwanamke wa rika lake hazungumzi na baba mkwe ana kwa ana. Hamtaji jina, hali mbele yake, hapiti mbele yake akiwa amekaa. Humwamkia kwa magoti, kwa mbali, macho chini, kisha anajiondoa. Likiwapo neno la kumfikishia, hutafutwa mtoto wa kulibeba. Kwetu mtoto alikuwa mmoja tu, basi nikakulia kwenye kazi hiyo. Mwambie babu chakula kiko tayari. Mwambie mama yako chumvi imezidi. Walikuwa wakisikiana vizuri kabisa, mmoja kibarazani na mwingine nyuma ya mlango, na bado kila neno lilipaswa kupitia kwangu.

Nilipopata akili nikaanza kuyatia maneno yao viungo vyangu. Babu akisema chumvi imezidi, namwambia mama, "Babu anasema leo umepika kama wa ikulu." Mama anainama kuficha kicheko, na babu anakohoa kule nje kwa muda mrefu kuliko kikohozi cha kawaida. Kahawa za kutafuna za babu mama alizichemsha mwenyewe na kuzianika mwenyewe, hakumwachia mtu. Babu naye, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ukifika, kifungu cha kwanza kilikuwa cha mkamwana wake, na nilitumwa nikipeleke kabla hakijapoa. Walipendana hao watu. Katika maisha yao yote hawakuwahi kutazamana usoni, na walipendana.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alingoja matanga yaishe na mvua moja ipite. Baba hakuacha mtoto wa kiume. Aliniacha mimi, na mimi nimeolewa huku Nkwenda, wilaya ya Kyerwa, kwa hiyo katika akili ya baba mkubwa nyumba ile haikuwa na mtu ndani. Mama kwake hakuwa wa kuhesabiwa. Alianza kwa kuvuna kahawa yetu bila kuomba, akaendelea kwa kumwambia mama kwamba mjane aliyechoka hurudi kwao, na mama alipojibu kwamba hajachoka, akaenda kufungua shauri kwenye baraza la ardhi mjini Kayanga. Alidai babu hakumpa baba kibanja kile. Alimwazima tu alime, na aliyeazimwa akifa, kitu hurudi kwa mwenyewe. Na mwenyewe, yaani babu, sasa amempa mwanawe mkubwa.

Babu wakati huo alikuwa akiishi kwa baba mkubwa. Macho yalikuwa yamepungua, miguu imekataa. Alikula alichowekewa na kulala alipoelekezwa. Mwenye nguvu mpishe, wanasema wahenga, na babu alikuwa amempisha mtoto wake mwenyewe.

Nilimwomba mama tutafute wakili. Alikataa. Alisema wakili ni wa mtu aliyeiba, na yeye hajaiba. Nikamwambia baba mkubwa anaye. Akasema, umeona basi. Mdomo wangu wote haukufua dafu.

Siku ambayo babu aliletwa kutoa ushahidi, mimi nilikuwa nje. Karani alinitoa kwa sababu na mimi nilitajwa kuwa shahidi wa mama, na shahidi hakai ndani akisikiliza wenzake. Nilikaa kwenye benchi ukumbini nikitazama mlango. Babu alipita akiwa ameshikwa mkono na baba mkubwa, amevalishwa koti la Krismasi. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, akasimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu, kisha akavutwa ndani.

Hawakukaa sana. Mama alipotoka alikuwa ameshika ncha ya kitenge mdomoni, na niliyajua yote kabla hajasema. Lakini aliyasema, kidogo kidogo, njiani. Babu aliapa. Akaulizwa na wakili wa baba mkubwa, akasema ardhi aliiazimisha, hakuigawa. Akaulizwa milamula, akasema ilikuwapo tangu zamani. Wakili akaketi. Mwenyekiti wa baraza akamgeukia mama akamwambia hii ndiyo nafasi yake ya kumuuliza shahidi. Mama akapiga magoti. Mwenyekiti akamwambia ainuke, hapo si kanisani. Akainuka, macho chini. Akaulizwa tena kama ana swali lolote.

"Sina swali," mama akasema.

Nilisimama katikati ya barabara ya vumbi nikamwambia mengi. Nilimwambia angemuuliza neno moja tu, milamula aliipanda nani, basi. Nilimwambia heshima si utumwa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kama anavyongoja mvua ipite.

"Ningeinua macho nikamwambia baba anadanganya, mbele ya watu," akasema, "ningerudi nyumbani nikiwa nani?"

Kisha akanieleza hesabu yake, maana alikuwa nayo. Zamu yake ikifika atasema yaliyo kweli, yote, na waliokaa pale juu watapima. Hivyo ndivyo alivyoona tangu utoto wake wazee wa ukoo wakiamua mambo ya ardhi. Huyu anasema yake, hakuna anayemkata. Yule anasema yake, hakuna anayemkata. Hakuna anayemhoji mkubwa kama mwizi wa kuku. Wazee wanasikia, wananyamaza, kisha wanainuka wote na kwenda shambani, wanatembea mpakani, wanashika mlamula kwa mikono, wanatazama umri wake, na huko ndiko uongo unakoumbuka. Mama alikuwa na hakika na milamula yake. Mashina yalikuwa na umri wangu, na mtu yeyote wa kwetu angeona.

Kwa hiyo akajiandaa kwa wageni. Nilipofika wikendi nilikuta amefagia kutoka barabarani hadi mpakani. Alikuwa amepalilia chini ya milamula, akakata majani makavu, akaweka kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo kilichofunikwa kwa jani la mgomba, kwa ajili ya wale wa baraza watakapofika. Nikamuuliza kama amewaomba waje. Alinishangaa. Mtu mwenye kesi amwalike hakimu nyumbani kwake, watu wangesema nini? Wangesema amemchinjia kuku. Mwamuzi hujua mwenyewe kwamba ya shamba huamuliwa shambani. Hakuna haja ya kumfundisha.

Na mimi niliamini hivyo.

Hawakuja. Hakuna aliyeomba waje, na baba mkubwa ndiye angekuwa wa mwisho kuomba. Mama alitoa ushahidi wake, akasema yote vizuri, sauti haikutetemeka. Mimi nikasema yangu kuhusu milamula. Nikaulizwa kama niliona ikipandwa. Nikasema nilikuwa mgongoni. Watu wakacheka kidogo na mimi nikacheka nao, Mungu anisamehe, sikujua nacheka nini. Hukumu iliposomwa tulisikia kwamba maneno yangu ni ya kusikia kwa watu, na maneno ya mama yamekuja kwa kuchelewa, kwa sababu kama ni kweli babu alipanda milamula ile kwa mkono wake, mbona babu alipokuwa amesimama pale hakuulizwa? Kahawa za kutafuna zilibaki kikapuni mpaka zikaota ukungu, na mama hakuruhusu nizitupe. Alizitupa mwenyewe.

Sasa, tulipokuwa tumeshindwa, wakili wa kutukatia rufaa akakubalika. Tulimpata Bukoba, mwanamke wa makamo, mpole, ana tabia ya kuvua miwani kila anapotaka kukwambia baya. Alikuwa ameshasoma mwenendo wote wa shauri. Nilimwambia sisi tuna mengi ya kusema huko juu. Kwamba babu alidanganya. Kwamba milamula ipo, waende waione. Kwamba kama ni lazima tutamleta babu mwenyewe Bukoba kwa gari la kukodi, aapishwe upya, na safari hii nitamuuliza mimi.

Akavua miwani.

Akaniuliza kama kwetu tunakamua rubisi. Nikamwambia ndiyo. Akasema, basi rufaa ni kuchuja. Unachuja kile kilichokamuliwa siku ile. Ndizi ambazo hukuzitia huwezi kuzikuta kwenye chujio. Mahakama ya juu haiiti mashahidi upya, inasoma kilichosemwa kule chini na kuangalia kama kiliamuliwa sawasawa. Kwa hiyo mtu anayeendesha kesi kule chini anapaswa kila siku kufikiri kana kwamba ameshashindwa na yuko juu tayari. Kila jambo asilokubaliana nalo alikatae hapo hapo, kwa sauti, liandikwe. Shahidi akisema uongo, amuulize, hata akijua atajibiwa uongo mwingine, ili ionekane kwamba alimkatalia. Akitaka shamba lionekane, aombe, na akikataliwa, kukataliwa kwenyewe kuandikwe. Aliyekaa kimya, mahakama inamchukua kwamba amekubali.

Mama alikuwa amekaa pembeni, mkoba mapajani. Akauliza, kwa adabu, kama kuna mahali palipoandikwa kwamba shahidi yule ni baba mkwe wake.

Wakili akasema pameandikwa. Akafungua ukurasa akamwonyesha. Mama hasomi vizuri lakini alikitazama kidole cha wakili pale kilipokuwa.

"Basi atakayesoma atajua kwa nini sikuuliza," mama akasema.

Wakili akafunga jalada. Akasema atalieleza hilo, atalitia kwenye sababu za rufaa na atalipigania, lakini hataki kutudanganya. Nilimpenda kwa hilo, ingawa siku ile nilimchukia.

Siku ya kusikilizwa tulipanda basi asubuhi kituo cha Omurushaka, mama akiwa na gauni nililomshonea, la rangi ya udongo, kola ndefu. Alisema limembana kwapani. Halikumbana. Alikuwa na hofu. Mjini Bukoba aliketi wima muda wote kama yuko kanisani, na wakili wetu alisimama akalisema lile jambo la wakwe vizuri kuliko ambavyo mimi ningelisema. Alieleza kwamba kwa mwanamke yule kimya hakikuwa kukubali, kilikuwa kupiga magoti. Hata jaji alimtazama mama kidogo baada ya hapo. Niliona. Nikapata tumaini kwa kiasi cha kuniumiza.

Tulirudi kusikia hukumu. Jaji alisema mila ni jambo la kuheshimiwa, na kwamba kama mrufani, yaani mama, aliona vigumu kumhoji mkwewe, alipaswa kuliambia baraza, na angeweza hata kuomba ndugu yake asimame kwa niaba yake, jambo ambalo sheria inaliruhusu. Hakuomba. Alisema tu hana swali. Kuhusu kutembelea shamba, hakuna aliyeliomba, na mahakama haiwezi kulaumu baraza kwa kutofanya lisiloombwa. Mwisho alisema rufaa haina mashiko.

Ndugu yake asimame kwa niaba yake. Niliyabeba maneno hayo kutoka Bukoba hadi Kyaka na kutoka Kyaka hadi nyumbani. Maisha yangu yote kazi yangu ilikuwa hiyo, kusimama kati ya wale wawili na kupitisha maneno. Na siku ile moja nilikuwa kwenye benchi ukumbini, nimetolewa nje kwa kuwa shahidi wa jambo nililoliona nikiwa mgongoni. Sikulia kwenye basi. Nililia nyumbani kwangu, nikiwa nimeshika mkasi, kitambaa cha mtu mbele yangu, nikakiharibu.

Mama hakungoja kutolewa. Aligawa vyungu, akachukua mkeka, Biblia, jembe lake moja na kuku mwenye vifaranga. Siku ya kuondoka alifagia uwanja wote, akafagia na kipande chake kando ya kaburi, akaliegemeza fagio kwenye mgomba kama mtu atakayerudi jioni. Mimi nilimwambia tuondoke na fagio. Hakutaka.

Anaishi na mimi Nkwenda tangu hapo. Wakwe zangu ni watu wema, hawajamnyima kitu, lakini analima bustani yangu kama mgeni anavyoosha vyombo. Siku moja aliniambia atakapokufa nimzike pale pale, nyuma ya jiko langu, nisigombane na mtu. Nikamwambia anyamaze. Ajabu ni kwamba nilikuwa mkali kwake kuliko siku ile ya Kayanga.

Kisha baba mkubwa akatuma mtu. Babu hakuwa na siku nyingi, na alikuwa akimtaja mkamwana wake. Nilidhani mama atakataa. Mimi ningekataa. Yeye aliuliza kama ndizi za kumpelekea zitakuwa zimekomaa vya kutosha, akaenda kuchemsha kahawa za kutafuna.

Kumfikia babu ilibidi tupite kando ya kibanja chetu. Kaburi la baba lilikuwapo, safi, sitamsingizia mtu. Kipande cha mama kilikuwa na maharage. Yalikuwa yamestawi, yameanza kutoa maua. Mama aliyatazama akapita kwa uangalifu pembeni, akikusanya kitenge kisiguse hata jani.

Babu alikuwa amelala chumba cha nje. Nilimwamkia, nikamwambia mama yuko hapa. Mama alikuwa amepiga magoti nje ya mlango, ubavu wake umeelekea ukutani, kama ilivyokuwa siku zote. Nilikaa katikati, kwenye kizingiti, mwanamke mzima mwenye watoto, nikarudia kazi yangu ya utoto. Babu akasema nimwambie mama yangu asante kwa kahawa. Nikamwambia. Mama akasema nimwambie babu apone. Nikamwambia.

Babu akafumba macho, nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Mwulize mama yako, kwa nini siku ile hakuniuliza?"

Sikulibeba neno hilo. Halikuwa na haja ya kubebwa, mama alikuwa ameshalisikia, nilimwona bega likishuka. Babu akaendelea, akinisemesha mimi, macho yake yale yasiyoona yakiwa kwenye mlango. Alisema aliambiwa aseme vile, na yeye anakula kwa mkono wa aliyemwambia. Alisema aliyasema akijua ataulizwa. Alimsikia mwenyekiti akimpa mama nafasi, akashika fimbo yake tayari. Kudanganya mara moja aliweza, kwa kuwa alikuwa ameyakariri. Akiulizwa na mama wa mjukuu wake, asingeweza mara ya pili. Alingoja. Kisha akaambiwa ashuke.

Hasira iliyonipanda sina jina lake. Nilitaka kumwambia kwamba mzee haachi ukweli wake mikononi mwa mkamwana aliyekatazwa kumtazama. Nilitaka kumwambia kuhusu maharage. Nilifungua mdomo huu wangu, na kabla haujafanya kazi nikamsikia mama akiinuka.

Aliingia. Alinipita pale kwenye kizingiti, akaenda mpaka kitandani, akasimama. Sikuwahi kumwona katika chumba kimoja na babu. Alishika mkono mmoja kwa mwingine. Aliinua macho akamtazama usoni.

"Baba," akasema, "milamula aliipanda nani?"

Babu aligeuza kichwa kwenye sauti ile, sauti aliyokuwa akiisikia nyuma ya mlango tangu mama alipokuja kuolewa.

"Niliipanda mimi," akasema. "Nilimpa mwanangu. Nilimpa kabisa."

Nilikuwa nimeshatoa simu mfukoni. Nilijua, wakili alikuwa amenieleza wazi, kwamba halina pa kwenda neno hilo, kwamba mlango umefungwa. Niliitoa hata hivyo, ili lirekodiwe, ili liwe mahali. Mama bila kugeuka alinyoosha mkono wake nyuma, akaushusha wa kwangu.

"Acha," akasema. "Sikumuuliza kwa ajili ya hao wa mahakamani."

Akapiga magoti pale kitandani, akamshukuru baba mkwe wake kwa jibu, akatoka.

Tulirudi kwa njia ile ile. Jua lilikuwa bado liko juu, watu wakiwa mashambani, na baba mkubwa alikuwa akianua kahawa uwanjani mwake. Mama alimwamkia naye akaitikia. Tulipofika kwenye kaburi la baba alisimama. Nilidhani atasali, au atang'oa yale maharage, na kama angeanza kuyang'oa ningemsaidia. Hakuyagusa. Alisimama tu hapo ukingoni, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Sasa nimemuuliza," akasema.

Nikamwambia, "Ndiyo mama. Umemuuliza."